Tuacheni tuogope kwa kiingilio cha mia tano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mabanda ya video yanayoonyesha picha za kutisha mwishoni mwa Oktoba yanawafundisha vijana ushetani, na kwamba yafungwe kabla "sikukuu ya mashetani ya Wazungu" haijaota mizizi huku Kusini. Hakutaja banda la mtu. Lakini hapa Vigaeni, Mtwara, mwenye kuonyesha picha hizo ni mimi, na wanaonunua vitumbua kwangu asubuhi walinisomea barua ile kwa sauti huku wakinitazama usoni. Kwa hiyo nimejua ninasemwa mimi.

Mimi ni mjane. Asubuhi nauza vitumbua, jioni nafungua banda aliloliacha marehemu mume wangu: kuta za mabanzi, bati, mabenchi, televisheni moja kubwa, king'amuzi na spika mbili. Watu wanaliita kibanda umiza kama wanavyoita mengine yote, na kweli linaumiza, maana Oktoba ya Mtwara mvua bado, bati limechemka tangu saa nne asubuhi, na feni inazungusha joto lilelile. Riziki yangu ni mpira. Simba na Yanga wakikutana, watu wanakaa mpaka juu ya ndoo. Ila wiki ya mwisho ya Oktoba, siku ambazo hakuna mechi ya maana, naweka picha za kutisha za zamani, nyingine za kabla bibi yangu hajaolewa. Sababu ya kwanza siifichi: ni msimu wa korosho. Minada imeanza, mkulima ameingiziwa chake, kijana wa kupakia magunia ghalani ana noti mfukoni. Sababu ya pili ni kwamba nazipenda.

Hiyo sikukuu yenyewe isitutoe jasho. Oktoba 31 ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kanisa ya Novemba 1. Watu wa Ireland walikuwa wakichonga taa kwenye tanipu usiku huo. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, wakahamia kwenye maboga. Jirani yangu Mkatoliki anachokingoja yeye ni Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, aende makaburini kufyeka majani na kuwasha mishumaa. Mimi ni Mwislamu na boga langu naliunga kwa nazi. Sijamwona mtoto wa Vigaeni aliyevaa shuka akabisha hodi kuomba pipi, na akija kwangu atapewa ndoo akachote maji. Kilichofika huku ni picha tu. Kwa kuwa Wamarekani wanazifufua wiki hiyo, ndiyo wiki hiyo zinajaa kwenye simu za watoto wetu.

Na hapo kwenye simu ndipo mwandishi alipopita bila kuangalia chini. Anadhani akinifungia mimi, kijana hatazami. Apite jioni pale wanapochajisha simu. Atawakuta wanne wameinamia kioo kimoja kilichopasuka, wanaangalia vipande: mtu anang'olewa jicho, mara mwingine anakatwa mguu, mara kinaruka kingine. Hakuna mwanzo wala mwisho. Hujui aliyekatwa mguu ni nani wala kamkosea nani. Ni bucha tupu. Baadaye mdogo wao anaingia na simu hiyohiyo ndani ya chandarua, usiku, peke yake. Bandani mtu anakaa saa nzima na nusu katikati ya watu wanaocheka, wanaokemea na wanaobishana, na mlangoni nipo mimi na kiti changu.

Chukua picha iitwayo Nosferatu. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1922, mwongozaji F. W. Murnau. Kisa walikitoa kwenye riwaya ya Bram Stoker kuhusu Dracula, mnyonya damu, ila ruhusa hawakuomba. Walibadilisha majina ya watu wakadhani wametoka. Mjane wa Stoker, Florence, akawafikisha mahakamani, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Baadhi zilikuwa zimeshafika mbali, ndizo zilizopona mpaka leo. Mjane mwenzangu namwelewa, mali ilikuwa yake. Lakini nashukuru hawakuzipata zote.

Picha hiyo haina sauti, na kwa banda kama langu hiyo ni baraka, kwa sababu tuna kijana wa kutia maneno, mtoto wa dada yangu, aliyekua akisikiliza mikanda ya Lufufu, mtia maneno maarufu wa Dar es Salaam, mpaka akamwiga kikohozi. Anashika maiki, anamsemea kila mtu. Mle ndani yule mnyonya damu ni tajiri wa ngome ya mlimani anayetaka kununua nyumba mjini. Kijana wetu kamfanya kangomba, yaani mlanguzi anayepita mashambani akinunua korosho kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ya kutupa, kabla ya mnada. Mnyonya damu anapoiona picha ya mke wa mgeni wake na kuisifu shingo yake, hilo limo kwenye picha yenyewe, kijana wetu anasema kwa sauti nzito: "Shingo nzuri hii. Tupime kwa bakuli ngapi?" Banda linavunjika kwa kicheko. Mnyonya damu wa Ujerumani anakuwa mtu tunayemjua, aliyekuja mpaka Tandahimba na Newala na bakuli lake. Kitu kimoja tu nilimkataza: asiigize adhana mnyonya damu anapoyeyuka kwenye mwanga wa alfajiri. Jogoo anawika mle mle kwenye picha, anatosha.

Halafu meli. Inaingia bandarini yenyewe, matanga yametuna, sitahani hakuna mtu aliye hai. Nahodha kajifunga kwa kamba kwenye usukani na ameshakufa hapo hapo. Ndani mna majeneza yaliyojaa udongo na panya, na panya wameleta tauni. Sasa huu ni mji wa bandari, watu wa hapa huwezi kuwaonyesha chombo wakanyamaza. Mzee mmoja wa Mikindani, baharia wa majahazi enzi zake, alisimama kabisa: "Tanga lile kalipanga nani? Chombo hakiingii bandari bila mtu wa kushusha tanga!" Akaambiwa mzee kaa, hiyo kazi ya shetani. Akajibu, "Hata shetani lazima ajue upepo." Wakabishana juu ya upepo mpaka nikaisimamisha picha na kuirudisha nyuma, tukamwangalia tena nahodha na kamba yake. Mzee akakubali fundo. Tanga hakulikubali mpaka leo.

Picha hiyo ina damu kiasi gani? Karibu hakuna. Unachoona ni kivuli kinapanda ngazi, kidole kirefu na kucha zake, mwenyewe haonekani. Mwaka jana umeme ulikatika hapo hapo kwenye ngazi na kwa ukelele uliosikika majirani walidhani tumevamiwa. Watazamaji waliporudi kukaa, nusu walikuwa wanacheka na nusu wanatafuta kandambili.

Picha ninayoitetea zaidi ni Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Mwongozaji George Romero na wenzake waliipiga nje ya mji wa Pittsburgh, Marekani, rangi nyeusi na nyeupe, kwa bajeti ya dola kama 114,000, ambayo kwa sinema za kule ni hela ya nauli. Maiti wanafufuka, wanakula watu. Wachache wanajifungia kwenye nyumba ya shambani, wanapigilia mbao madirishani, wanagombana wao kwa wao: tukae juu au tushuke chini ya nyumba. Damu iliyotumika ni chokoleti ya maji. Kwenye nyeusi na nyeupe hujui tofauti. Walibadilisha jina la picha mwishoni, na katika kubandika jina jipya tangazo la hakimiliki likaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, haki ikapotea. Kwa kosa hilo la karani picha imeizunguka dunia bure, na Romero hakupata alichostahili.

Steringi wa picha ni mtu mweusi, Duane Jones. Mwaka 1968, Marekani! Romero alisema alimchukua kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri zaidi kwenye majaribio, basi. Wenye mabanda wote tunajua kanuni moja: steringi hafi. Mtu analipa kiingilio akijua hivyo. Duane Jones anakesha usiku kucha na mizimu, wenzake wote wanakwisha, asubuhi inaingia, mbwa wanabweka, waokoaji wamefika na bunduki. Banda zima linapiga makofi. Anasogea dirishani achungulie. Waokoaji wanamwona, wanadhani naye ni mmoja wa wafu, risasi moja ya kichwa. Picha imekwisha. Wanamvuta kwa ndoano za nyama.

Sijui niwaambieje makelele yaliyotokea mara ya kwanza. Kijana mmoja alidai kiingilio chake. Mwingine, dereva wa bodaboda, akasema hapana, walimwona vizuri, mtu aliyeshika bunduki na kusimama wima si maiti, hawakutaka kumwona tu. Mwingine akasema umbali ule hata ungekuwa wewe. Wakakaa nje kwenye matofali mpaka usiku mkubwa wanabishana juu ya watu wenye bunduki na namna wanavyomtazama mtu wasiyemjua. Hapo kijana wetu akawaambia kitu alichokisoma: Romero na mwenzake walikuwa garini wanaipeleka picha New York kuitafutia mnunuzi, Aprili ile ya 1968, wakasikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Mwandishi wa barua ile aniambie ni somo gani la ushetani lilifundishwa pale kwenye matofali.

Ya mwaka 1959, House on Haunted Hill, naiweka kwa ajili ya kucheka. Vincent Price anawaahidi wageni dola 10,000 kila mmoja wakilala usiku mmoja kwenye nyumba ya mizimu. Mtengenezaji, William Castle, alikuwa mfanyabiashara kuliko fundi. Kwenye majumba ya sinema aliweka kiunzi cha mifupa cha plastiki, kinateleza kwenye waya juu ya vichwa vya watazamaji. Vijana wangu walijaribu kwa shuka na kamba ya katani. Shuka likaingia kwenye feni. Ndiyo mwisho wa habari hiyo, na shuka lilikuwa langu.

Zipo nyingine ambazo siziweki bandani, natazama nyumbani na mabinti zangu, wakubwa tayari. Mojawapo ni Halloween ya John Carpenter, ya 1978, yenye jina la usiku wenyewe. Muuaji wake amevaa barakoa nyeupe isiyo na sura. Barakoa hiyo waliinunua dukani chini ya dola mbili, ilikuwa ya uso wa yule nahodha wa vyombo vya angani kwenye televisheni yao, Captain Kirk. Wakaipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho, wakavuruga nywele. Binti yangu mdogo alikuwa amejificha nyuma ya mto, nikachukua rimoti nikazima sauti. Akachungulia. Kumbe ni mtu anatembea polepole kando ya nyua. Nikarudisha sauti, akarudi nyuma ya mto. Carpenter mwenyewe alisimulia kwamba alimwonyesha picha hiyo mkubwa mmoja wa kampuni za filamu kabla muziki haujawekwa, na huyo hakuogopa hata kidogo. Ndipo akakaa akapiga kinanda mwenyewe. Tangu siku hiyo binti yangu kila picha ikimzidi anazima sauti, anaangalia fundi kaweka nini, anawasha tena. Hili nalifanya na bandani siku hizi. Nusu dakika kimya, nusu dakika na sauti.

Na mimi barakoa hazinishangazi, Mhariri. Mimi ni Mmakonde wa upande wa Newala. Watoto wakitoka jandoni tulichezewa lipiko: kichwa kizima cha mti mwepesi, kimechongwa sura ya mtu, kimebandikwa nywele za mtu kweli, na mchezaji kafungwa nguo mwili mzima usimwone hata kidole. Sisi wanawake na watoto tuliambiwa si mtu yule, ni mfu wanaume wamemwamsha. Likija kwa kasi na ngoma tunakimbia, vitenge vinadondoka, tunapiga kelele. Likirudi nyuma tunalifuata, tunalizomea. Likigeuka tunakimbia tena. Bibi yangu, mcha Mungu asiyekosa sala, alikuwa wa mbele kukimbia na wa mbele kurudi, na alijua vizuri sana miguu ile ni ya nani, maana alimwosha mwenyewe akiwa mchanga. Mwandishi anasema kuogopa kwa kujifurahisha ni kitu cha kuletwa. Aende Newala.

Ninachokiogopa mimi kiko nje ya banda. Mzee yeyote wa pwani hii atakusimulia mumiani, watu wanaonyonya wenzao damu kwa ajili ya dawa, na magari yaliyokimbiwa kwa sababu hiyo. Malawi si mbali na hapa. Mwaka 2017, Septemba na Oktoba, wilaya za kusini mwa nchi hiyo zilivumisha kwamba wanyonya damu wameingia. Makundi ya watu yakafunga barabara na kuwaua waliowashuku, Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe, na serikali ikaweka amri ya kutotoka usiku. Wale waliouawa hawakuwa na meno marefu. Walikuwa wageni, au walipita mahali saa mbaya.

Karibu zaidi na nyumbani, Lindi, simba walipoingia vijijini na kula watu, maneno yaliyotembea ni kwamba ni simba wa kutumwa, atafutwe mtu aliyewatuma. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba mkulima analala shambani kwenye dungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, na simba anawafuata nguruwe. Tangu 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 simba waliua zaidi ya watu 560 Tanzania, na wilaya za kusini ndizo zilizoumia zaidi. Nguruwe hakushukiwa, alishukiwa jirani mwenye macho mekundu. Aliyekaa bandani akaiona damu ya chokoleti na mnyonya damu anayekufa kwa jua la sinema, akauliza imetengenezwaje, namtarajia siku ya uvumi naye aulize nani kaona, wapi, saa ngapi. Sisemi picha inamtibu kila mtu. Nasema aliyezoea kuuliza bandani ana mahali pa kuanzia.

Kuna jambo moja mwandishi ana haki kabisa, nami nataka liandikwe. Yako mabanda yanayoingiza watoto wa darasa la pili saa tatu usiku ilimradi ana sarafu mkononi, tena si kwa picha za mwaka 1922. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, Bodi ya Filamu ipo na ina madaraja ya umri. Basi daraja liandikwe mlangoni kwa chaki, kubwa, kabla ya jina la picha, na anayeingiza mtoto kwenye picha ya watu wazima atozwe faini inayouma. Waje wakague hata usiku. Kwangu hata mwenye ndevu changa namuuliza mwaka aliozaliwa, akisitasita anarudi nyumbani na mia tano yake. Kufunga mabanda yote kwa sababu ya hayo ni kuwapeleka vijana wote kwenye kile kioo kilichopasuka.

Na kama ni kuogopa vya nje, tuonyeshe na vya kwetu. Mussa Banzi alituongozea Nsyuka na Shumileta, na enzi za mume wangu picha hizo zilijaza banda mpaka mabenchi yakavunjika. Mwenye nakala nzuri inayoonekana, iliyonunuliwa kihalali, anitafute hapa Vigaeni, nitailipia.

Mwandishi namkaribisha. Mwaka huu naanza na ile ya meli, kwa hiyo mzee wa Mikindani atakuwepo. Tunafungua baada ya isha, kiingilio mia tano, kwake bure. Aje mapema lakini. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliwataka wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu kuingia Psycho ikishaanza, na sheria hiyo nimeichukua nzima nzima. Atakayechelewa atakaa nje kwenye matofali na vitumbua vya asubuhi, isipokuwa amekuja na feni.

Mwenye banda,
Vigaeni, Mtwara